Madaktari wako mjini, ng'ombe wako nyikani: huu uhaba wa madaktari wa mifugo ukoje hasa?

Mjomba wangu anafuga mkoani Manyara, kule nyikani ambako ukitaka mtandao wa simu inabidi upande kichuguu. Mwaka juzi asubuhi moja akanipigia, ndama wake watatu wamesusa kunyonya, tezi za chini ya masikio zimevimba kama ndimu na wanahema utadhani wamekimbizwa na fisi usiku kucha. Jirani yake Mmasai kapita, kawatazama mara moja tu, akasema oltikana, yani ndigana kali kwa Kimasai, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Bwana mifugo kapigiwa simu, yuko mnadani anaandika vibali vya kusafirisha ng'ombe, na anashika kata mbili peke yake na pikipiki haina mafuta. Jioni ndama wa kwanza akaanza kutoa povu puani. Mpaka keshokutwa yake alikuwa amebaki mmoja.

Wiki hiyohiyo niko Kariakoo natafuta kava ya simu, anayeniuzia ni jamaa tuliyesoma naye sekondari, kamaliza udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miaka mitano kasomea ng'ombe, mbwa na kuku, sasa anauza kava na chaja. Nikamsimulia habari ya ndama wa mjomba, akanijibu palepale huku anahesabu chenji, "Hiyo ndigana kali, wangewahi siku ya kwanza wangepona," kisha akamgeukia mteja mwingine.

Sasa mtu akisema nchi ina uhaba wa madaktari wa mifugo, na mwingine akamjibu uhaba gani wakati vijana wamejaa mtaani na vyeti vyao, wote wawili wanasema kweli, ndio maana ubishi wenyewe hauishi. Na tangu Juni 2025, Rais Samia alipozindua kule Bariadi mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo na kuivisha heleni, maneno yamezidi: nani atachanja wote hao, wataalamu wako wapi, kwa nini wasiajiriwe, kwa nini mfugaji asijichomee mwenyewe. Nimeona niandike taratibu maana hii ishu ina mafundo mengi na kila mtu anavuta kamba ya upande wake.

Tuanze na nani ni nani, hapo ndipo wengi tunapotea. Kijijini kwetu yeyote aliyeshika sindano ni "dokta", hata kama jana alikuwa anaendesha bodaboda. Lakini fikiria hospitali. Kuna daktari, kuna tabibu, kuna nesi, kuna mtu wa lishe, na nje ya geti kuna mwenye duka la dawa, na wewe unajua kabisa huwezi kumpa mwenye duka akupasue kidole tumbo. Upande wa wanyama nako ni hivyohivyo. Daktari wa mifugo ni yule mwenye shahada ya udaktari, miaka mitano, na kwa hapa kwetu kwa miaka mingi hao wametoka SUA Morogoro. Anasajiliwa na Baraza la Veterinari kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, bila usajili huo hatakiwi kujiita daktari. Chini yake kuna wasaidizi wenye cheti na stashahada, wengi wametoka vyuo vya mifugo vya serikali, vile vya LITA, kama Tengeru, Mpwapwa, Buhuri au Madaba, hawa ndio mara nyingi utawakuta kwenye kata na vijiji, wanachanja, wanatibu magonjwa ya kawaida, wanakagua nyama. Halafu kuna mtu aliyesoma sayansi ya wanyama, naye anaitwa afisa mifugo, ila yeye kasomea malisho, mbegu bora, uzalishaji, yani kwa mfano wetu wa hospitali huyo ndiye mtu wa lishe na uzazi. Ni msomi, anaweza kuwa na shahada, lakini sio daktari. Wote hawa kijijini jina ni moja, bwana mifugo, na akiwa mwanamke bibi mifugo, na hapo ndipo mtu anaposema "mbona sisi dokta tunaye" kumbe aliyenaye ni fundi wa malisho.

Kwa hiyo swali la "tuna uhaba?" linatakiwa liulizwe vizuri, uhaba wa nani, wa kufanya nini, na wapi.

Tupige hesabu kidogo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, ni kati ya nchi zenye ng'ombe wengi kabisa Afrika, mbuzi zaidi ya milioni 25, na kuku wako kama milioni 100. Kata ziko karibu 4,000 na vijiji vimepita 12,000. Ukitaka kila kijiji kiwe na mtaalamu mmoja tu, awe daktari awe msaidizi, unahitaji watu zaidi ya 12,000 kwenye mishahara. Na hata ukiwapata hawatakuwa na kazi sawa, maana ng'ombe hawajagawanywa kwa kijiji, wamejazana Kanda ya Ziwa, Tabora, Dodoma, Singida, Manyara, Arusha, halafu wanahama. Kiangazi kikikaza kundi lililokuwa hapa linakwenda kilomita mia kutafuta maji, lakini ofisi ya bwana mifugo haina miguu ya kuwafuata.

Ndio maana ile kauli ya kwanza utakayoisikia kila mahali, "vyuo vizalishe madaktari zaidi", mi naiona ni kama kumwaga maji kwenye pipa lililotoboka. Kuzalisha ni sawa, ila rafiki yangu wa Kariakoo alishazalishwa. Shida yake sio chuo. Shida ni kwamba hakuna mtu wa kumlipa aende alipo mjomba.

Zamani alikuwepo wa kumlipa. Wazee watakwambia habari za majosho, kila wiki siku fulani ng'ombe wa kijiji kizima wanapelekwa kuogeshwa, dawa ya serikali, chanjo ya serikali, bwana mifugo wa serikali na kaptula yake. Mfumo wenyewe una umri, pale Mpwapwa Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo mwaka 1905. Baada ya uhuru serikali ikaendeleza, huduma nyingi zikawa bure au kama bure. Kisha ikaja miaka ya 1980 na 1990, hela zikakata, wakubwa wa fedha wa dunia wakasema serikali ijitoe, huduma ya mifugo ni biashara, sekta binafsi itaziba pengo. Ajira za moja kwa moja zikasimama. Kenya nako hadithi ni ileile, mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari aliyehitimu Kabete, kwenye chuo chao cha udaktari wa mifugo, akaacha kuwa na uhakika wa ajira ya serikali. Majosho yakabaki magofu, mengine leo watoto wanachezea ndani, na wafugaji wakaanza kupuliza dawa ya kupe wenyewe kwa bomba la mgongoni, kila mtu na kipimo chake.

Wale waliosema sekta binafsi itaziba pengo hawakukosea kabisa. Ilikuja. Ila ilikwenda penye hela. Ukiwa Hai au Tengeru una ng'ombe wa maziwa, dokta unampata kwa simu, tena unachagua. Ukiwa Dar una kuku wa mayai elfu mbili au mbwa wa ukoo Masaki, dokta anakuja na kadi ya miadi. Nyikani hakuja mtu.

Na tusiwalaumu madaktari kwa hili, hebu tukae chini tuhesabu kama mfanyabiashara. Tuseme mjomba ana mbuzi mmoja anaumwa, mbuzi ambaye mnadani angemuuza laki moja. Dokta yuko mji mdogo kilomita 50. Kwenda na kurudi kilomita 100 za vumbi na makorongo, mafuta peke yake yanakaribia elfu kumi. Siku imeisha, kwa hiyo kwa kazi yake anataka angalau elfu thelathini. Dawa elfu kumi na tano. Jumla elfu hamsini na tano kwa mbuzi wa laki, ambaye hata akitibiwa anaweza kufa. Wewe ungemwita? Mjomba hamwiti. Na hapohapo mnadani kuna chupa ya oksi, ile dawa ya sindano ya rangi ya njano iliyokolea kama asali, elfu nane tu, na kwa macho yake inatosha mbuzi kumi. Upande wa pili dokta naye akitegemea mbuzi mmojammoja wa umbali huo hawezi kulipa hata kodi ya chumba. Sasa mchukue wa Tengeru, ng'ombe mmoja ana thamani ya milioni mbili na zaidi, kila siku anatoa maziwa yanayouzwa, nyumba iko jirani na lami, na asubuhi moja dokta anapita kwenye mabanda sita. Elimu ileile, sindano ileile, tofauti ni kilomita.

Kwa hiyo mi nikisikia "uhaba wa madaktari" kichwani natafsiri "uhaba wa njia ya kulipia kilomita".

Na hapo katikati pengo halikai tupu. Nenda mnada wowote uone. Turubai la bluu chini, juani, chupa zimepangwa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, oksi ya asilimia kumi na ya asilimia ishirini, sindano za plastiki zimefungwa raba, na kijana muuzaji anauliza swali moja tu, "Ng'ombe au mbuzi?" Jua linapiga kwenye chupa tangu saa mbili asubuhi. Mfugaji ananunua, akifika nyumbani anakadiria kwa macho, huyu mkubwa mpe tano, yule mdogo mpe tatu, sindano ileile kutoka shingo hadi shingo. Siku mbili mnyama akichangamka anaacha, dawa ni ghali bwana.

Tatizo la hii ni zaidi ya hela kupotea. Oksi ni antibiotiki, inaua bakteria, lakini mbuzi akiwa na ile sotoka ya mbuzi na kondoo, hicho ni kirusi, utamchoma mpaka chupa iishe kirusi hakijui kama umekuja, dawa inasaidia tu yale maambukizi yanayodandia juu. Ndigana kali nayo ina dawa yake maalumu, buparvakwoni, ghali na inataka uwahi, oksi ukiileta wakati ndama ameshatoa povu ni kama kumpa panadoli mtu aliyegongwa na lori. Kibaya zaidi ni kipimo kidogokidogo cha kila siku, bakteria hawafi wanazoea, na bakteria hawaulizi wewe ni mbuzi au ni mtu. Halafu kuna muda wa kusubiri, ile siku kadhaa baada ya sindano ambayo maziwa hayatakiwi kunywewa wala nyama kuliwa, umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa kwa maandishi ya saizi ya siafu. Nani anausoma? Maziwa ya jana ya yule ng'ombe aliyechomwa juzi yako kwenye chai ya mtu saa hizi.

Hapa kuna uzushi mmoja nataka niukanyage, kwamba wafugaji wanajichomea kwa sababu ni wajinga. Sio kweli hata kidogo. Yule jirani wa mjomba alitaja ugonjwa kwa kutazama tu na alipatia, sawasawa na msomi wa Kariakoo. Wafugaji wana majina ya magonjwa, wanajua dalili, wanajua msimu, wanajua malisho gani yana kupe na lini usipitishe ng'ombe karibu na nyumbu waliozaa. Wanachokosa ni vitu vitatu vinavyokaa kwenye mkoba wa dokta, kipimo sahihi, dawa ya kweli, na maabara ya kuthibitisha. Ukimwona mfugaji kama mwenzako na sio mwanafunzi wako nusu ya kazi imeisha.

Na kuna ushahidi mkubwa kuliko ndama wa mjomba. Sotoka, ile ya ng'ombe, ndiyo iliyofagia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ng'ombe wakaisha, watu wakafa njaa, nyati na nyumbu nao wakaanguka. Chanjo nzuri ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright, lakini ilikuwa inataka baridi muda wote, na kwenye nyika hakuna friji. Baadaye ikapatikana chanjo inayovumilia joto, kisha wakafanya kitu ambacho madaktari wengi wakati ule kiliwakera, wakawafundisha wafugaji wenyewe, watu waliochaguliwa na jamii zao, wakachanje kule ambako gari la serikali halifiki na risasi zinalia, Karamoja, kusini mwa Sudan, Afar ya Ethiopia. Mnyama wa mwisho kukutwa na ugonjwa huo alikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Baada ya ndui ya binadamu huo ndio ugonjwa wa pili kufutwa kabisa duniani, na hatua ya mwisho ilitembezwa na watu wenye makubazi, sio makoti meupe.

Kuku nao ni hivyohivyo. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni, inayotengenezwa hapahapa nchini, inavumilia joto kiasi na haihitaji daktari kuidondosha. Mama mmoja kijijini akifundishwa siku chache anaweza kuzunguka nyumba zote kila baada ya miezi mitatu au minne, anatoza hela kidogo kwa kuku, anapata chochote na kuku hawafi. Kumsubiri daktari wa miaka mitano aje kudondosha matone kwenye macho ya kuku ni kuchezea daktari.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukasema kumbe madaktari hawahitajiki. Huo ni uzushi wa pili na huu ni hatari zaidi. Watu wanadhani kazi ya daktari wa mifugo ni kuchoma sindano, kwa hiyo akija mwingine anayejua kuchoma basi imetosha. Kuchoma sindano hata mi naweza. Daktari unamhitaji siku ng'ombe amekufa ghafla, tumbo limejaa, damu inatoka puani na haigandi, na watu wameshanoa visu. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Ukimpasua umemwaga mbegu za ugonjwa kwenye udongo na zitakaa hapo miaka na miaka zikisubiri ng'ombe wengine, na waliokula nyama wako hospitali na vidonda vyeusi mikononi. Mtu wa kusema mzoga huu usiguswe, fukieni kwa kina, chanjeni kundi lote, funga mnada, anatakiwa awe na elimu na awe na mamlaka. Ilivyokuja homa ya Bonde la Ufa mwaka 2006 na 2007, Kenya na Tanzania, ng'ombe na kondoo walikuwa wanatupa mimba kwanza, ndipo watu wakaanza kufa, kila nchi walipotea zaidi ya mia. Mimba zikitupwa kwa wingi baada ya mvua kubwa na hakuna mtu wa kuzihesabu, taarifa ya kwanza mnaipata wodini. Kichaa cha mbwa nacho, daktari wa watu anakutana nacho kikishachelewa, wa mifugo angekizuia kwa kuchanja mbwa. Kwa hiyo hata wewe wa ghorofani Sinza usiyefuga hata jogoo, uhaba huu unakuhusu, ule muhuri kwenye nyama ya buchani nani anaupiga na alimwona ng'ombe akiwa hai au aliletewa nyama tayari imening'inia?

Fundo jingine ambalo halisemwi sana ni nani bosi wa nani. Bwana mifugo wa kata anaajiriwa na halmashauri, iko chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mkurugenzi wa huduma za veterinari, yule anayejua ugonjwa umetokea wapi na unaelekea wapi, yuko Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ni kama konda anagonga bodi lakini dereva analipwa na tajiri mwingine. Ugonjwa ukilipuka wilaya tatu, wizara inaandika barua kwa watu wasio wake, na halmashauri wiki hiyo inawataka watu walewale wakasimamie ushuru wa mnada maana ndio unaoleta mapato. Simlaumu bwana mifugo wa mjomba aliyekuwa anaandika vibali, aliambiwa akaandike. Kenya nao wamekutana na hili tangu kaunti zilipoanza kushika mifugo mwaka 2013, kaunti moja ikichanja na jirani yake isichanje, kirusi hakioni mpaka.

Na wanaodhani haya ni ya umaskini wetu tu, Marekani kwenyewe vijijini wanalia kilio hichohicho, vijana wakimaliza udaktari wanakimbilia paka na mbwa wa mjini, deni la chuo liko shingoni na ng'ombe wa mkulima hawalipi deni. Walichofanya, serikali kuu inamsaidia daktari kulipa mkopo wa masomo akikubali kwenda kwenye eneo lililotangazwa kuwa na upungufu. Hili mi nalipenda na sioni kwa nini lisijaribiwe hapa. Bodi ya mikopo ipo, madeni yapo, Longido, Simanjiro, Kiteto na Ngorongoro zipo. Kijana aambiwe ukikaa miaka mitano huko, unachanja, unatibu, unasimamia wasaidizi wanne, deni lako linafutwa kidogokidogo. Ni rahisi kuliko kumjengea ofisi.

Simu nazo zinasaidia kiasi. Mjomba sasa hivi anapanda kichuguu chake anatuma picha na video kwa WhatsApp, ndama anavyohema, rangi ya fizi, mavi yalivyo, na daktari mmoja, mwenzake yule wa Kariakoo, anamjibu. Ila picha haipimi homa. Na ushauri wa simu bila mtu wa kuufanyia kazi kule chini ni maneno tu, lazima pawe na msaidizi mwenye mkoba, anayejulikana, aliyesajiliwa, na juu yake awepo daktari anayewajibika. Mi nadhani hicho ndicho kipimo, tusihesabu madaktari wangapi, tuhesabu kila daktari ana mikono mingapi huko chini na ni nani anailipia.

Kilomita zenyewe zinaweza kugawanywa. Ndigana kali ina chanjo ya kitambo, ilivumbuliwa Muguga palepale, na ni ya ajabu kidogo, maana unampa ndama vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na wakati huohuo unamchoma oksi ya kukaa muda mrefu, ya kipimo sahihi kwa uzito, ili vijidudu vimfundishe mwili bila kumuua. Akishachanjwa vizuri, kwa kawaida kinga inadumu. Shida ni kwamba inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya baridi kali, na mrija mmoja una dozi kama 40, ukishauyeyusha inabidi utumike siku hiyohiyo. Huwezi kumwita dokta kwa ndama watatu.

Mwaka jana mjomba na majirani wakaamua kukusanyana. Wiki mbili walikuwa wanapita boma kwa boma wanaandika ndama kwenye daftari la shule, mpaka wakapata mia na ishirini kasoro wanne. Dokta akatoka Arusha na mtungi wake, amekuja na vijana wawili wasaidizi, na gharama ya safari ilivyogawanywa kwa vichwa mia na kumi na sita hakuna aliyenung'unika, hata yule mzee mwenye ndama wawili. Walianza saa kumi na mbili alfajiri kabla jua halijachacha. Mmoja anabana ndama, mwingine anazungusha mkanda kifuani kusoma uzito, dokta anachoma chini ya ngozi karibu na sikio, kijana anachoma oksi msulini kwa kilo zilizotajwa, wa mwisho anavisha heleni. Saa nne walikuwa wanakunywa chai.

Yule ndama aliyepona wakati ule, sasa mtamba mkubwa, mjomba akamleta naye kwenye mstari. Dokta akauliza historia yake, akamwambia mzee huyu hana haja, ugonjwa wenyewe ulishamchanja. Mjomba akakataa kuondoka. Kinga alikuwa ameielewa vizuri tu, ila alitaka heleni, kwa sababu mnadani ng'ombe mwenye heleni ya ndigana bei yake inapanda, na hakuna mnunuzi atakayekubali hadithi ya povu na usiku ule.